Tarehe ya Gracien

Bibiche alikuwa mtu wa kukunja. Ndiyo kazi aliyopewa mwezi wa pili baada ya kufika Dallas, mwaka 2009, na hakuiacha: kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya katikati ya mji. Alitoka nyumbani, mtaa wa Vickery Meadow, kukiwa bado giza, akapanda treni, na saa sita mchana ilimkuta amekwisha kunja mashuka mia tatu. Mikono yake ilijua pembe. Akiona shuka lililokunjwa na mwenzake, alimjua mwenzake huyo bila kuuliza.

Kwa hiyo ile Agosti ya 2018, wanajeshi walipompigia magoti makaburini na kumkabidhi bendera iliyokunjwa pembetatu, alilia kama mama yeyote, lakini macho yake yaliona kwamba mkunjo wa mwisho umelala upande. Miezi mitatu baadaye aliitoa kwenye sanduku lake la kioo, akaifungua mezani, akaikunja upya.

Binti yake, Kethia, alitoka chumbani akapiga kelele. "Maman! Hiyo haifunguliwi!"

"Nani amesema?"

"Watu wote wanajua!"

"Basi miye sikujua. Na sasa imekaa sawa. Njoo uone."

Kethia akaja, akaona. Ilikuwa imekaa sawa.

Bendera ile ilikuwa ya Gracien, mtoto wa kwanza wa Bibiche. Alifika Marekani ana miaka kumi na sita, mrefu, suruali inaishia juu ya kifundo cha mguu. Alimaliza shule, akajiandikisha kuwa askari wa akiba, wale wanaofanya kazi zao za kawaida na kuitwa jeshini pale wanapohitajika. Uraia aliupatia huko huko jeshini. Kisha akaingia chuo cha polisi, na mwaka 2016 akaajiriwa na polisi wa mji mdogo kaskazini mwa Dallas, mji wenye mitaa mipana na maafisa wasiofika hamsini. Siku ya kwanza alipokuja kumsalimu mama yake akiwa amevaa sare, majirani wawili walizima taa wakajifungia. Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. "Ni miye, Gracien! Fungueni, nina njaa!"

Januari 2018 jeshi lilimwita. Agosti gari lao lilipinduka barabarani huko Kuwait, hakuna adui wala risasi, tairi tu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Jeshi lilimzika vizuri. Polisi wenzake nao walikuja, mstari mrefu wa magari. Lakini nje ya kituo chao kulikuwa na jiwe jeusi lenye majina ya polisi wa mji ule waliofia kazini, majina matano, na Gracien hakuweza kuandikwa pale. Utaratibu ulisema jiwe ni la aliyekufa akiwa zamuni. Siku Gracien anakufa, zamu yake ya polisi ilikuwa imeshikwa na mtu mwingine.

Aliyelikataa jambo hilo alikuwa Sajini Trevino, mkubwa wake wa doria, mtu mnene wa maneno machache, mzaliwa wa Texas kama baba yake na babu yake. Alifukua makabrasha ya zamani akamkuta na mwingine: polisi wa mji huo huo aliyeitwa vitani akafia Italia mwaka 1944. Miaka sabini na mitano, na hapakuwa na mahali popote palipoandikwa jina lake. Trevino alikwenda mbele ya baraza la mji mara nne. Mara ya nne walikubali: jiwe la pili litawekwa kando ya lile la kwanza, kwa ajili ya polisi waliokufa wakilitumikia jeshi. Litafunuliwa mwezi wa tano, 2019.

Bibiche alipopewa habari hiyo alimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu. Hakujua bado kwamba jiwe hilo litamnyima usingizi.

Tatizo lilikuwa tarehe.

Kwenye karatasi zote, Gracien alizaliwa tarehe moja Januari 1993. Bibiche naye alizaliwa tarehe moja Januari. Marehemu mume wake vile vile. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, karani alikuwa na mstari wa watu mia mbili na kalamu moja, na waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita hawakuwa wamebeba vyeti. Ukitaja mwaka, anauandika. Siku na mwezi anajaza mwenyewe, moja na moja. Ndiyo sababu katika majengo yale ya Vickery Meadow karibu nusu ya watu wazima wanatimiza miaka siku ya Mwaka Mpya, na kanisani mchungaji huwaambia wote wasimame, wanaimbiwa mara moja, keki moja, biashara imekwisha. Kethia pekee ndiye mwenye siku yake, kwa kuwa alizaliwa kambini kwenyewe, hospitalini, na kadi yake ikatunzwa. Gracien alikuwa akimwita binti wa kifalme.

Lakini Bibiche aliijua siku ya Gracien. Alimzaa katika mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, Jumatano ya wiki ya Pasaka, mvua ikinyesha. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe kumi na moja Aprili. Kumi na nne, basi. Hakuhitaji cheti.

Na hakuwahi kumwambia mwenyewe. Wakati wa mahojiano ya kuja Marekani, watoto waliulizwa peke yao, chumba kingine. Kulikuwa na familia ya jirani ambayo kijana wao alitaja siku moja na mama akataja nyingine, na faili lao likakaa miaka minne bila kusogea. Bibiche akaona afadhali mtoto ajue tarehe moja tu, asije akachanganya. Akasema moyoni, tukishafika nitamwambia. Walipofika kulikuwa na karatasi nyingine za kujaza, halafu nyingine, halafu jeshi, halafu polisi, na kila moja iliandikwa moja na moja. Likawa jambo la kesho.

Alichokifanya ni kupika. Kila tarehe kumi na nne Aprili alinunua ndakala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaouzwa wakavu kwenye duka la Waafrika, akawakaanga na nyanya na pilipili, akasonga bukari, ule ugali wa muhogo, akamwekea Gracien sahani ya kwanza. Alimtazama akila, samaki mzima na kichwa chake. Hakusema kwa nini. Hata Aprili 2019, Gracien akiwa kaburini, alipika. Kethia alikula bila kuuliza.

Siku tisa baadaye karatasi ikaja.

Ilitoka kwa wachonga mawe, pamoja na barua ya Sajini Trevino. Juu yake kulikuwa na picha ya maneno kama yatakavyochongwa: jina la Gracien, cheo chake cha polisi, cheo chake cha jeshi, kisha tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Chini, mstari wa mama kusaini. Mwisho Ijumaa.

Bibiche aliiweka juu ya friji. Siku ya pili akaishusha, akaitazama, akairudisha.

"Maman, saini tu," alisema Kethia. "Jina liko sawa. Nimeangalia herufi zote."

"Jina liko sawa."

"Sasa?"

Ndipo akamwambia. Kethia aliacha simu yake mezani, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Kumbe wale ndakala..." alisema, na hakumaliza.

Jioni ile Bibiche alimpigia Godefroid, mdogo wa marehemu mume wake, anayekaa Houston, Gulfton, na kufanya kazi ghalani. Ndiye mwanaume wa familia aliyebaki. Simu iliwekwa mezani, sauti wazi, na Godefroid alianza kusema kabla hajasikia yote.

"Mama Gracien, weka saini. Weka leo."

"Shemeji, ile tarehe si ya kweli."

"Minajua si ya kweli! Yangu iko ya kweli? Na yako? Sasa unataka kwenda mbele ya polisi, polisi kabisa, na kusema mtoto wetu alikuwa na tarehe ya uongo? Watauliza, na mengine je? Watafungua faili ya Gracien, watafungua yako, watafika kwangu Houston. Husikii habari? Mwaka huu si wa kuchezea karatasi."

"Karatasi inaweza kuchanika, shemeji. Hili ni jiwe."

"Weye iko na kichwa nguvu."

"Watoto wa Kethia watakwenda kulisoma, na mimi sitakuwapo wa kuwaambia."

Godefroid alishusha sauti. "Na kama wakiliondoa jina? Hapo watasoma nini?"

Swali hilo lilimpata. Alikunja mashuka siku nzima ya Alhamisi akiwa nalo. Akisaini, mwanawe atasimama kati ya polisi kama alivyostahili, na uongo wa karani chini ya jina lake, milele. Akisema, huenda jina lenyewe likapotea, na karatasi zake na za Godefroid zikaingia matatani. Mara mbili mwenzake wa upande wa pili wa shuka alimwambia, "Bibiche, pembe." Haijawahi kutokea aambiwe pembe.

Kuna jambo jingine lililomsumbua, nalo lilimhusu Trevino mwenyewe. Siku ya Mwaka Mpya, miezi minne tu baada ya maziko, sajini huyo alikuja Vickery Meadow na maafisa watatu na keki yenye jina la Gracien. Katika kituo chao, maafisa waliokufa hukumbukwa siku zao za kuzaliwa, familia haiachwi peke yake. Bibiche alikuwa amevaa kwenda kanisani. Aliwakaribisha, akawapa chai, akakata keki. Mtoto wa jirani alichungulia mlangoni akasema, "Hata bibi yangu amezaliwa leo!" Mwingine nyuma yake akasema, "Hata papa!" Maafisa walicheka. Trevino alitabasamu tu, akawakatia watoto vipande vikubwa. Bibiche alikula keki ile akiwaza. Mtu ametoka nyumbani kwake sikukuu, kwa heshima ya mwanawe, na amekuja siku isiyo yake.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini. Kethia alikosa shule. Walipanda treni hadi mwisho wa njia, kisha basi, kisha wakatembea, kwa sababu mji ule haukujengwa kwa watu wanaotembea. Nje ya kituo walilikuta jiwe la zamani, na kando yake msingi wa saruji ulio mtupu, bado mbichi, umezungushiwa kamba.

Trevino aliwapokea ofisini. Juu ya kabati kulikuwa na picha ya Gracien na sare, amekaza uso, ule uso wa kuzuia kucheka.

Bibiche hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: ziwa, karani, kalamu, mstari, Jumatano ya Pasaka. Akasema hakudanganya, aliulizwa akajibu, ni karani aliyeandika. Akasema kama kuna kosa ni lake yeye, si la mtoto. Akasema, na kama mnataka kuondoa jina, niambieni sasa hivi nikiwa nimesimama.

Kethia akatafsiri. Ilichukua nusu ya muda.

"Umemwambia yote?"

"Nimemwambia."

"Mbona fupi?"

"Kiingereza ni kifupi, Maman."

Trevino alizungusha kikombe chake mezani. Kisha akaanza kusema taratibu, akimwangalia Bibiche, si Kethia, na Kethia akafuata nyuma yake.

"Anasema alijua. Anasema Gracien alimwambia. Mwaka wake wa kwanza hapa, Sajini alimletea keki zamuni, tarehe moja Januari. Gracien akaila yote, halafu akasema, Sajini, jengo letu zima limezaliwa leo."

Bibiche akavuta kiti, akakaa.

"Anasema akamuuliza, sasa siku yako hasa ni ipi? Gracien akasema hajui. Akasema..." Kethia alisita. "Akasema, mama yangu anaijua, lakini anafikiri mimi sijui kwamba anaijua. Ni Aprili, katikati. Kila mwaka kuna siku moja ananipikia samaki wadogo, halafu anakaa ananitazama nikila."

Nje kuna gari lilirudi nyuma likilia lile pii, pii, pii.

"Kwa nini hakuniuliza?" Bibiche alisema hatimaye.

Kethia akatafsiri. Trevino akainua mabega. "Alisema ukiwa tayari utamwambia."

Bibiche alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaifuta meza pia, pale palipodondokea. Kisha akauliza alichokuja kuuliza. "Sasa jiwe?"

Sajini alikuwa mkweli. Tarehe isiyo na cheti hawezi kuichonga. Faili la mji linasema moja Januari na litabaki hivyo, na yeye hana kazi ya kufungua mafaili ya watu. Kazi yake ni kuandika majina ya maafisa wake. Alivuta karatasi nyingine kutoka kwenye droo. Ilikuwa ya yule polisi wa 1944. Kumbukumbu zake zilikuwa zimepotea. Mjukuu wake, mama mzee sasa, alijua miaka tu. Chini ya jina lake paliandikwa mwaka na mwaka.

"Anasema ukitaka, Gracien naye aandikwe hivyo. 1993, 2018. Wote wawili sawa."

Bibiche aliitazama miaka ile miwili. "Hiyo ni kweli," alisema. "Mwaka karani aliuandika kama nilivyomwambia."

"Basi?"

"Lete kalamu."

Trevino alifuta siku na miezi kwa wino mwekundu, akaandika herufi za kwanza za jina lake pembeni, Bibiche akasaini. Walipokuwa wanatoka, sajini aliuliza jambo. Kethia alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Anauliza, ni tarehe ngapi hasa? Si ya jiwe. Ya kwake yeye. Na wale samaki wanaitwaje?"

Bibiche alimwambia tarehe. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja mbele ya mtu asiyekula mezani kwake. Trevino akaiandika kwenye simu. Jina la samaki lilimshinda, akaandika samaki.

Jiwe lilifunuliwa katikati ya Mei. Godefroid alikuja kutoka Houston na suti, akakaa kiti cha mwisho karibu na njia ya kutokea, akiwaangalia polisi mmoja mmoja. Walisoma majina ya jiwe la kwanza, matano, kisha ya jiwe la pili, mawili. Mjukuu wa yule wa 1944 alikuwa amekaa kando ya Bibiche na oksijeni yake ya magurudumu. Jina la babu yake liliposomwa aliushika mkono wa Bibiche, na jina la Gracien liliposomwa akaubana. Hawakuwa na lugha moja. Baada ya hapo Godefroid alisogea mbele, akapitisha kidole kwenye maandishi. "Imekaa vizuri," alisema. "Hawajauliza kitu?"

"Wameuliza jina la samaki."

Godefroid alidhani ni mzaha.

Januari 2020 Trevino hakuja. Alituma ujumbe kwa Kethia: atakuja Aprili. Lakini Aprili ilipofika, watu walikuwa wameambiwa wakae majumbani kwa sababu ya korona. Hoteli ilikuwa imefungwa, Bibiche yuko nyumbani tangu Machi, mikono yake haina kazi. Alikuwa amekwisha kunja kila kitambaa cha nyumba hiyo mara mbili. Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumanne. Alikaanga ndakala wake, akaweka sahani ya kwanza mezani, akajua hakuna mtu atakayekuja.

Saa kumi jioni magari manne ya polisi yaliingia kwenye maegesho, taa zinawaka, hakuna king'ora. Milango ya ghorofa ya chini ilifungwa yote kwa pamoja, ta ta ta. Trevino akashuka, barakoa usoni, akasimama kando ya gari lake akavua kofia. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Hawakuweza kupanda juu, na keki hawakuleta.

Bibiche alitoka kibarazani, ghorofa ya pili. Alitazama chini kitambo, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amefunga sahani ya Gracien ndani ya kitambaa cheupe, pembe nne zimekutana sawasawa, na kamba ya kuanikia nguo imefungwa juu. Akaishusha polepole mpaka kwenye boneti ya gari.

Trevino alifungua, akatazama. Akachukua samaki mmoja, akashusha barakoa, akauliza kitu kwa sauti.

"Anauliza kama kichwa kinaliwa!" Kethia aliita.

"Mwambie Gracien alikuwa anaanza nacho!"

Akala, na kichwa. Alikohoa kwa pilipili, wenzake wakamcheka, na kicheko hicho ndicho kilichofungua milango ya chini. Mzee wa nyumba ya pembeni alitoa kichwa.

"Mama Gracien, kuna nini leo?"

"Ni siku ya kuzaliwa ya Gracien."

"Si iko tarehe moja?"

"Ile ni ya karatasi," Bibiche alisema, kwa sauti ya kusikika jengo zima. "Ya kweli ni leo. Kumi na nne Aprili."

Mzee alifikiri, mkono kwenye kitasa. "Yangu miye iko wakati wa kuvuna maharage," alisema. "Mama alikuwa ananiambia."

Kutoka ghorofa ya tatu mwanamke mmoja akaita kwamba yake ni Juni, wiki mbili kabla ya sikukuu ya uhuru wa kwao. Mwingine akasema yeye alizaliwa usiku wa mkesha, na kila mtu anajua mkesha wa Krismasi ni lini. Trevino alikuwa bado amesimama na sahani mkononi, akitazama juu, haelewi hata neno moja. Akamwinulia Kethia nyusi, kumuuliza wanasema nini. Kethia aliegemea ukuta wa kibaraza, akaanza kumtafsiria, na safari hii hakufupisha.